Ukibonyeza Ruhusu, Umekabidhi Nini?

Ndugu zangu, asanteni kwa nafasi hii, na nyie mliokaa nyuma kabisa sogeeni kidogo maana kuna vitu nitaonyesha kwenye skrini na nataka kila mtu avione. Nimeombwa niongelee namna ya kuunganisha akaunti za mitandao ya kijamii na huduma ya kupanga posti kwa njia ya API, yaani ule mlango ambao programu moja inaongea na nyingine, na najua wengi mmekuja mkitegemea niwaonyeshe wapi pa kubofya. Tutafika huko. Ila mi nataka tuanze na skrini moja tu, ile inayotokea katikati ya kuunganisha, inakaa sekunde tatu nne hivi alafu inapotea, imeandikwa programu fulani inaomba kufanya hiki na hiki na hiki kwenye akaunti yako, chini kuna kitufe cha Ruhusu na pembeni yake Ghairi, na sisi wote tunabonyeza Ruhusu bila kusoma maana kuna akaunti tisa za kuunganisha na mwenye kazi anasubiri.

Kwangu mimi uzito wa kazi hii uko kwenye ile skrini. Yale mengine, kuchagua saa, kupakia picha, kuandika maneno, ukikosea unarekebisha. Pale ukikosea umetoa ufunguo wa nyumba ya mtu, na wengi wetu humu akaunti tunazoshika sio zetu, ni za taasisi, za wafanyabiashara, za wasanii, za watu waliotuamini wakalala usingizi. Kitu cha mwenzio ulichopewa ukitunze tunakiita amana, na hilo neno nitalirudia sana leo kwa sababu sijapata lingine linalofaa zaidi.

Zamani huduma ya nje ikitaka kuposti kwa niaba yako ilikuwa inakuomba jina na paswedi, basi. Unaandika paswedi yako ya Twitter kwenye tovuti ya watu usiowajua, wao wanaiweka kwenye seva yao wanavyojua wenyewe, na kila ikifika saa ya kuposti wanaingia kana kwamba ni wewe. Wanaweza kuposti, wanaweza kusoma meseji zako, wanaweza hata kubadilisha paswedi wakakufungia nje, yaani hamna mpaka wowote. Na ukitaka kumwondoa mmoja ilibidi ubadilishe paswedi, ambapo umewatoa na wale wengine wote uliokuwa bado unawahitaji. Mwaka 2007 ndo ikatoka OAuth ya kwanza, yaani utaratibu wa kuipa programu ruhusa bila kuipa paswedi, Agosti 2010 Twitter ikafunga kabisa ile njia ya paswedi kwenye API yake, na Oktoba 2012 OAuth 2.0 ikachapishwa kama RFC 6749, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, na hiyo mpaka leo ndo iko nyuma ya karibu kila kitufe cha Unganisha mnachokiona.

Inavyofanya kazi ni hivi, na naomba mfuatilie taratibu maana ukiielewa hii mengine yote yanajileta yenyewe. Unabofya Unganisha, huduma inakupeleka kwenye mtandao wenyewe, na hapo angalia juu kwenye anwani ya brauza uhakikishe ni mtandao kweli na sio ukurasa unaofanana nao. Unaingia kule kule kwa paswedi yako, huduma haiioni. Mtandao unakuuliza, je, huyu umruhusu afanye haya? Ukikubali unarudishwa kwenye huduma ukiwa na namba fupi ya muda, na huduma inaichukua ile namba, seva yake inaongea na seva ya mtandao bila wewe kuona, inapewa kitu kinaitwa tokeni. Tokeni ni mstari mrefu wa herufi na namba zisizo na maana kwa macho. Mtandao haumuulizi aliyeileta ni nani, akiwa nayo anafunguliwa, na ndo maana nasema ni ufunguo.

Kwahiyo ukikuta huduma ya kupanga posti inakuwekea fomu yake yenyewe inakuambia andika hapa paswedi yako ya Instagram, funga ukurasa, ondoka, hata kama ni ya bure na hata kama rafiki yako anaitumia mwaka wa pili sasa. Kuna sehemu moja ya kuwa makini usije ukachanganya: mtandao wa Bluesky una kitu kinaitwa paswedi za programu, unazitengeneza mwenyewe kwenye mipangilio, kila programu na ya kwake, na ukitaka unaifuta moja bila kugusa ile kuu. Hiyo ni sawa. Paswedi kuu ndo haitoki mkononi.

Sasa ile orodha ya ruhusa. Watu wanaiona kama maneno ya kisheria tu, kumbe ndo mkataba wenyewe. Kuposti ni ruhusa moja, kusoma maoni ni nyingine, kusoma meseji za ndani ni nyingine, kuona takwimu ni nyingine. Jiulize swali moja tu, kazi niliyomletea huyu inahitaji hii? Huduma ya kupanga posti lazima iwe na ruhusa ya kuposti, hilo halina ubishi, lakini meseji za ndani za nini? Kama ina kipengele cha kujibu wateja na wewe unakitumia, sawa, kama hukitumii rudi nyuma ukatafute kama kuna namna ya kuunganisha bila hiyo.

Na upande wa pili pia, huduma ambayo kazi yake ni kuangalia tu isipewe kalamu. Tarehe 15 Machi 2017 akaunti nyingi za Twitter, zikiwemo za Forbes na Amnesty International, ziliamka zimeposti alama ya swastika na maneno ya Kituruki. Hamna aliyeiba paswedi za hao watu. Walioingiliwa ni Twitter Counter, huduma ya takwimu, ya kuhesabu wafuasi. Fikiria, watu waliiunganisha ili iwahesabie wafuasi, wakabonyeza Ruhusu, na ndani ya ile ruhusa kulikuwa na uwezo wa kuposti, ukakaa kimya humo mpaka siku mtu mbaya alipoufikia. Mi kila nikifikia skrini ile nakumbuka hiyo asubuhi.

Na kabla ya hapo, Oktoba 2013, Buffer, ambayo ni huduma ya kupanga posti yenyewe kabisa, iliingiliwa, na akaunti za watumiaji wake za Facebook na Twitter zikaanza kumwaga matangazo ya kupunguza uzito. Hii naipenda kuifundisha kwa sababu ina pande mbili. Upande mmoja tokeni zilikuwa zimehifadhiwa bila kufichwa kwa usimbaji, aliyezifikia alizisoma kama zilivyo. Upande wa pili, paswedi za watu hazikuguswa, kwa sababu Buffer haikuwa nazo. Wenyewe walisimamisha posti zote, wakaeleza wazi kilichotokea huku kinaendelea, wakazificha tokeni, na watu wakaunganisha upya akaunti zao za Twitter. Ingekuwa ni enzi zile za kutunza paswedi za watu, mngeona kilio chake. Mfumo wa tokeni haukuzuia wizi ila ulifanya wizi uwe na mwisho.

Twende kwenye chombo cha katikati maana ndo kichwa cha mada. Ukitaka kuposti kwa API una njia mbili. Unaweza kwenda mwenyewe kwa kila mtandao, ukajisajili kama developa, ukatengeneza programu yako, ukaomba ruhusa moja moja, ukarekodi video ya kuwaonyesha wakaguzi unavyoitumia, ukasubiri. Mitandao sita ni mara sita, na kila mmoja unabadilisha masharti yake kwa wakati wake. Au unachukua chombo cha katikati ambacho kimeshapitia huo ukaguzi, wewe unaongea na API yake moja tu, unamwambia hii picha, haya maneno, hizi akaunti, saa hii, yeye ndo anajua Instagram inataka nini na LinkedIn inataka nini. Kwa timu ndogo mi nasema wazi chukueni njia ya pili. Nimeona watu wanapoteza miezi kutengeneza kitu ambacho kipo, alafu mtandao ukibadilisha toleo la API wanaanza moja.

Lakini jueni mnachokifanya. Mteja wako akibonyeza Ruhusu, tokeni yake haikai kwako, inakaa kwa hicho chombo. Wewe unapewa ufunguo mmoja wa API wa kuongea na chombo, na ule ufunguo mmoja nyuma yake kuna akaunti zote, arobaini, mia, ulizoziunganisha. Umeona ilivyo? Tulitoka kwenye kulinda paswedi mia tumefika kwenye kulinda mstari mmoja, ambayo ni nafuu na ni hatari kwa pamoja. Nimekuta ule mstari umebandikwa kwenye kundi la chati ili mwenzetu asipate shida. Nimeuona kwenye skrinishoti ya mtu anayeomba msaada. Nimeuona ndani ya faili la programu lililopandishwa hadharani GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, na aliyepandisha akadhani kulifuta kesho yake kunatosha, kumbe historia ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la faili, inatunza kila kitu na kuna roboti za watu zinazunguka humo kutafuta mistari kama hiyo usiku na mchana. Ukishavuja, kufuta hakusaidii, unatengeneza ufunguo mpya na wa zamani unauzima, saa hiyo hiyo, kabla hujamtafuta aliyekosea.

Mimi kabla sijakubali chombo chochote nawaandikia nawauliza. Tokeni mnazitunza wapi na mnazificha vipi? Nikifunga akaunti yangu kwenu mnazifuta lini? Naweza kuzima ufunguo nikapata mwingine bila kuwasumbua wateja wangu waunganishe upya? Naweza kumpa kila mteja eneo lake ili kosa kwa mmoja lisimfikie mwingine? Wakinijibu kwa maneno matamu yasiyo na jibu ndani, natafuta wengine. Na hamna aibu kuuliza, wewe ndo umebeba amana ya watu.

Sasa nifike kwenye kitu kilichoniumiza mimi mwenyewe. Kuna taasisi nilikuwa nawashikia kurasa zao. Mkutano wa wanachama ulisogezwa kutoka Jumamosi kwenda Jumatatu, nikaambiwa mapema kabisa, nikapanga posti nne, ya Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na ya Jumamosi alfajiri. Kwenye kalenda ya huduma zilikaa vizuri, zina rangi ya kijani, nikafunga kompyuta nikaendelea na mambo mengine. Tokeni ilikuwa imekufa siku mbili kabla. Hamna hata moja iliyotoka, na barua pepe ya kutoa taarifa ilikwenda kwa anwani ya mtu aliyekuwa ameshaacha kazi pale. Jumamosi watu wakafika, wengine wametoka mbali, wakakuta mlango umefungwa. Mzee mmoja akapata namba yangu akanipigia, wala hakugomba, aliuliza tu kwa upole, "Mwanangu, mlishindwa hata kutuandikia?" Nilikuwa nimeandika. Niliandika mara nne, na hamna aliyesoma hata neno.

Toka siku ile nimekaa nikajifunza tokeni zinakufaje, na nitawapa namba maana hizi namba ndo zinaokoa. Kwa Meta, yaani Facebook na Instagram, tokeni ya kwanza unayopewa inaishi kama saa moja au mbili tu, inabadilishwa kwa ya muda mrefu inayoishi siku 60, na ile ya Instagram unaweza kuihuisha kabla haijafa mradi imeshafikisha angalau saa 24. Ukiacha siku 60 zikapita hamna kuhuisha, mwenye akaunti anaitwa aje abonyeze tena. LinkedIn nayo ni siku 60. TikTok tokeni ya kazi ni saa 24 lakini inakuja na nyingine ya kuihuishia inayoishi siku 365. X, yaani ile Twitter ya zamani, ni saa mbili kwa kawaida, na kama wakati wa kuunganisha hukuomba ile ruhusa inayoitwa offline.access hupewi ya kuhuishia kabisa, kwahiyo unaunganisha mchana, inafanya kazi vizuri unafurahi, jioni imekufa na huelewi kwa nini. Na Google, kwa wale mnaotengeneza wenyewe za YouTube, programu yako ikiwa bado iko kwenye hali ya majaribio ile tokeni ya kuhuishia inakufa baada ya siku 7, nimeshaona watu wanatafuta kosa kwenye programu yao wiki nzima na kosa halipo humo.

Huko ni kufa kwa uzee. Kuna kufa kwa ghafla pia: mtu akibadilisha paswedi, mtandao ukihisi kuna kitu hakiko sawa, mwenye akaunti akiiondoa programu kwenye mipangilio. Na kuna moja ambayo kwa taasisi ndo mbaya kuliko zote. Ukurasa wa Facebook hauna paswedi yake, unaunganishwa kupitia mtu, yaani tokeni ya ukurasa inatokana na tokeni ya mtu ambaye ni msimamizi wake. Yule kijana aliyeunganisha akiondoka kazini, mkamtoa kwenye usimamizi, unganisho linakufa naye, na siku mnamuaga hakuna anayekumbuka hilo, mnakuja kukumbuka wiki moja baadaye kurasa zikiwa kimya. Kwahiyo andikeni mahali, akaunti fulani imeunganishwa na nani, lini, kwa ruhusa zipi, na atakayeshika baada yake ni nani. Karatasi ya kawaida inatosha. Taarifa za kukatika ziende kwenye barua pepe ya ofisi inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja. Mimi kalenda yangu inanikumbusha siku ya 50, sisubiri ya 60. Na posti ikishapita saa yake naenda kuiangalia kwenye mtandao wenyewe kwa macho yangu, rangi ya kijani ya kalenda siiamini tena.

Kuna masharti ya mitandao ambayo yatawagonga, nayapitia haraka. Profaili binafsi ya Facebook haipostiwi na programu ya nje toka tarehe 1 Agosti 2018, ilifungwa mwaka ule wa sakata la Cambridge Analytica, kampuni iliyochukua taarifa za watumiaji wa Facebook bila ridhaa yao, kwahiyo mteja akikuambia umuunganishie profaili yake mwambie ukweli mapema kwamba ni ukurasa tu ndo unawezekana. Makundi ya Facebook nayo API yake ilifungwa Aprili 2024. Instagram lazima akaunti iwe ya kibiashara au ya mtengeneza maudhui, ya kawaida haikubali, na kwa muda mrefu ilikuwa lazima iwe imefungamanishwa na ukurasa wa Facebook mpaka 2024 ilipokuja njia ya kuingia kwa Instagram yenyewe. YouTube na TikTok, kama programu yako haijakaguliwa, video inapanda vizuri kabisa ila inabaki ya faragha, haionwi na watu, na hii inawachanganya wengi.

Instagram niseme kidogo zaidi kwa sababu ina hatua mbili na watu hawajui. Hutumi picha moja kwa moja. Unaipa anwani ya picha iliko kwenye intaneti, seva zao zinakuja kuichukua, wanakutengenezea kama kifurushi, kikishakuwa tayari ndo unasema sasa chapisha. Kwahiyo picha ikiwa imewekwa mahali panapohitaji kuingia kwa paswedi wao hawataipata, na video kubwa inachukua muda kuandaliwa, ukisema chapisha kabla haijaiva unapata kosa. Kile kifurushi nacho baada ya saa 24 kimeharibika, kwahiyo usikitengeneze leo kwa posti ya wiki ijayo. Mtandao wa Mastodon kwa hili umewazidi wenzake, kupanga muda kumo ndani ya API yake yenyewe, unatuma posti na saa yake, mradi iwe angalau dakika tano mbele, seva yao inaitunza. Huhitaji mtu wa kati kukaa macho.

Saa. Mtu anapanga saa 20:00, huduma inajua ni saa 20:00 ya wapi? Ukitumia API tuma muda wa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na kwako tunza pia jina la ukanda wa saa wa wasomaji wako, usitunze tofauti ya masaa peke yake, kwa sababu kuna nchi zinasogeza saa mbele na nyuma mara mbili kwa mwaka na ile tofauti uliyoiandika mwezi wa pili, mwezi wa nne sio yenyewe.

Na posti kutoka mara mbili, jamani. Unatuma ombi, mtandao unachelewa kujibu, programu yako inadhani imeshindikana inatuma tena, kumbe ile ya kwanza ilishapanda. Tangazo la msiba likitoka mara mbili linaonekana kama hamkujali. Dawa yake ni kutokurudia kwa pupa: ukikosa jibu, uliza kwanza kama posti ipo. Mastodon inakubali kichwa cha ombi, yaani mstari wa maelezo unaotangulia ombi, kinaitwa Idempotency-Key, unaweka alama yako kwenye ombi, ukituma tena kwa alama ile ile inajua ni lile lile haiposti tena, na vyombo vingine vya katikati vina kitu kama hicho, kitafuteni kwenye maelezo yao. Ukijibiwa kwa namba ya kosa 429 maana yake umezidisha maombi, subiri muda uliotajwa, kila ukirudi ongeza kusubiri. Ukijibiwa 401 acha kurudia kabisa, hiyo tokeni imekufa au imeharibika, hata ukituma mara elfu jibu ni lile lile, unachotakiwa ni kumpigia mtu simu aje aunganishe.

Jambo lingine halimo kwenye maelezo ya API yoyote lakini ni letu sisi. Posti iliyopangwa haijui kilichotokea leo. Wewe Ijumaa umepanga tangazo la furaha lenye muziki na vigelegele, Jumatatu kumetokea ajali, watu wanalia, na saa ikifika lile tangazo linapanda tu katikati ya vilio kwa jina la taasisi uliyoikabidhiwa. Kabla hujaanza kazi na huduma yoyote tafuta kitufe cha kusimamisha vyote, au kama unatumia API andika ombi hilo mapema ulijaribu, na zaidi ya mtu mmoja wajue liko wapi, maana siku ya tukio wewe unaweza ukawa ndo mfiwa.

Wengine mtasema haya yote ni mengi, si bora kuposti kwa mkono tu. Kwa akaunti moja, ndio, posti kwa mkono, sina ugomvi. Lakini dada anayeshika akaunti kumi na mbili huku ana mtoto nyumbani, huyu huduma ya kupanga posti imemrudishia jioni zake, na hilo sio jambo dogo, nimeliona kwa wenzangu. Mi nataka aitumie, ila aitumie akijua funguo ziko kwa nani.

Sasa tufanye kazi, hii ndo sehemu niliyoisubiri. Kila mtu atoe simu. Fungua akaunti moja tu kati ya unazoshika, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya programu na tovuti zilizounganishwa, kila mtandao unaiita jina lake ila ipo, mara nyingi iko kwenye usalama au ruhusa. Soma majina yaliyomo. Utakuta la huduma unayoitumia leo, alafu utakuta la ile uliyoijaribu mara moja ukaiacha, la shindano la zamani, la programu ya kuhesabu wafuasi, la mtu aliyeondoka kazini mwaka juzi. Kumbukeni kuwa kubofya Ondoa kule kwenye huduma yenyewe mara nyingine kunafuta jina tu kwenye kalenda yao, ruhusa bado ipo upande wa mtandao, ndo maana nataka tufanyie huku.

Usiyoikumbuka, iondoe. Ya kweli ikiondoka kwa bahati mbaya utaiunganisha tena kwa dakika mbili, na safari hii utasoma ile skrini. Mi nashuka napita kati yenu, ambaye hapaoni mahali pa mipangilio anyooshe mkono, tutatafuta pamoja. Dada pale pembeni, naona umeshapata, umekuta ngapi?